Sindano mbili katika tundu moja



Katika kurasa za gazeti letu tumekwisha kusoma juu ya kwaya, juu ya mpira, juu ya Exetat na juu ya mwenendo mwema wa vijana. Mara hii ninaomba nafasi kwa wandugu wa redaksio kusudi niandike juu ya kazi ninayofanya nyumbani kila siku ya posho: kushona sakoshi za ngozi kwa mkono, bila mashine. Wengi wananiuliza sababu gani vidole vyangu vina alama za uzi. Wengine wanacheka: "Weye mwanaume, unashona sakoshi za bamama?" Sitaki kujibu kwa hasira. Ninaandika kusudi yule anayecheka na yule anayetaka kujifunza wapate jibu pamoja.

Baba yangu alitutoka wakati nilikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mama anauza unga wa muhogo sokoni hapa Butembo, na watoto tuko wanne. Ndugu mdogo wa baba, ambaye sisi tunamwita baba mdogo, ni kordonye. Ana meza ya kutengeneza viatu kando ya barabara, lakini kazi ya sakoshi anaifanyia nyumbani, kwa sababu kule barabarani vumbi na mvua vinaharibu ngozi. Ni yeye aliyenifundisha. Nilianza kwa kushika ngozi tu wakati yeye anashona, kisha akanipa kupaka nta kwenye uzi, kisha kutoboa, na mwaka wa pili ndipo akanipa sindano.

Jambo la kwanza ni kujua ngozi yenyewe. Sokoni sakoshi nyingi zinaitwa ngozi, na kumbe ni simili. Simili ni kitambaa kilichopakwa plastiki juu yake. Siku ya kwanza inang'aa kuliko ngozi ya kweli, lakini kwa jua, jasho na unyevu wa hapa kwetu milimani inaanza kupasuka na kubanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na hakuna fundi anayeweza kuitengeneza. Namna ya kuitambua ni rahisi: tazama pale ilipokatwa. Simili inaonyesha nyuzi za kitambaa chini na plastiki juu. Ngozi ya kweli inaonyesha manyuzinyuzi yaliyofumana pasipo mpango, tangu juu mpaka chini, na hakuna mahali unaweza kusema "hapa kitambaa kimeanza." Tena ngozi ina harufu yake. Baba mdogo hatazami hata. Anafunga macho na kunusa.

Ngozi tunayotumia inatoka njia tatu. Njia ya kwanza ni kaguwa: makoti ya zamani ya ngozi, na wakati mwingine viti vya salon vilivyochoka. Unafumua mishono, unatupa sehemu zilizopasuka, na mgongo wa koti unakupa kipande kizuri. Njia ya pili ni vipande ambavyo wafanyabiashara wanaleta kutoka Uganda kwa njia ya Kasindi. Njia ya tatu ni ile yenye kazi nyingi: kutengeneza wenyewe ngozi ya mbuzi. Hatuifanye kila mara, kwa sababu inachukua siku nyingi, na mama hapendi harufu yake karibu na jiko. Lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi, basi nitaieleza kidogo.

Ngozi ya mbuzi ikichunwa inapakwa chumvi siku ileile, kwa maana ikilala bila chumvi inaanza kuoza na manyoya yanatoka na vipande vya ngozi. Kisha inalowekwa katika maji safi mpaka ilainike sawa vile ilikuwa juu ya mnyama. Baada ya hapo inakaa siku kadhaa katika maji ya chokaa na majivu, na unaigeuza kila siku. Chokaa inafungua mizizi ya manyoya. Siku manyoya yanapotoka kwa kuyasukuma na kidole tu, unaitandaza juu ya gogo la mviringo na kuikwangua pande zote mbili: upande huu manyoya, upande ule nyama na mafuta. Hapa lazima kuvaa mipira mikononi, maana chokaa inakula vidole vya mtu pia, na watoto wadogo wasikaribie. Kisha unaiosha mara nyingi, na mwisho unailoweka katika maji ya pumba yaliyochacha, kusudi uchachu wake uondoe chokaa iliyobaki ndani.

Sasa inakuja ile dawa yenyewe, nayo ni ganda la mti. Hapa kwetu tunatumia ganda la akasia, ile ambayo watu wanapanda kwa ajili ya makala. Ganda lake lina tanini nyingi kuliko miti mingi. Mwalimu wa kemia alitueleza kwamba tanini inashikana na protini ya ngozi, na hivyo ngozi haiozi tena. Baba mdogo hajui neno protini, lakini alijua jambo jingine ambalo sikulikuta katika daftari langu: usianze na maji makali. Ukitia ngozi mara moja katika maji ya ganda yaliyo mazito, uso wake unafungika na kuwa mgumu, na ndani inabaki mbichi. Lazima kuanza na maji mepesi, rangi ya chai ya mgonjwa, na kila siku chache kuongeza ganda mpaka yawe meusi kabisa. Kwa ngozi ya mbuzi, yenye wembamba, sisi tunahesabu majuma matatu ao manne. Kusudi ujue kama imeiva, unakata kipande kidogo pembeni na kutazama katikati. Kama kuna mstari mweupe, bado. Kama rangi ni moja tangu uso mpaka mgongo, imekwisha. Ninafikiri jambo hili linahusu hata masomo. Mtu hawezi kuanza na mwaka wa sita.

Ngozi iliyoiva inaoshwa, inapakwa mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa, inapigiliwa misumari juu ya ubao kivulini, na kabla ya kukauka kabisa inatolewa na kusuguliwa kwa mikono ao juu ya ukingo wa mti, mpaka ilainike. Maji ya chokaa hatuyamwagi mtoni wala karibu na chemchemi. Tunachimba shimo mbali. Ngozi nyingi duniani hivi leo haitengenezwi namna hii, bali kwa chumvi ya kromi, katika mitambo mikubwa, na inachukua siku chache tu. Ile ya kromi ni laini na inavumilia maji vizuri. Ile ya ganda ni ngumu kidogo, inashika umbo, na kadiri unavyoitumia inapata rangi nzuri.

Tukiisha kuwa na ngozi, hatukimbilii kisu. Kwanza tunakata sakoshi yote katika karato, kama ile ya sanduku la sabuni. Ngozi si kitambaa: tundu likipita, limepita, halifungiki tena. Basi karato ndiyo daftari la kujaribia.

Sakoshi yetu ya kawaida ina vipande vinne. Uso wa mbele ni sentimeta 30 kwa 24. Mgongo na kifuniko ni kipande kimoja, 30 kwa 44. Ubavu ni utepe wa upana wa sentimeta 8, unaoshuka upande mmoja, unapita chini, na kupanda upande wa pili. Mwisho ni mkanda wa begani, 110 kwa 3. Ukijumlisha yote unapata karibu sentimeta za mraba 3,000, na ngozi moja ya mbuzi mkubwa inatosha, ikiwa haina makovu mengi. Mgongo wa mnyama ndio wenye nguvu; tunautunzia mkanda na uso wa mbele. Tumbo linavutika; tunalitumia kwa mifuko ya ndani.

Shida iko katika ule utepe wa ubavu. Urefu wake ni nini? Mtu atasema 24 na 30 na 24, jumla 78. Lakini pembe mbili za chini hatuzikati kali, tunaziviringisha kwa nusu kipenyo cha sentimeta 3, na mviringo unafupisha njia. Siku ile tulikuwa tumesoma duara darasani. Nikachukua kalamu: kila pembe ni robo ya duara, yaani sentimeta 4 na milimita 7, mahali pa sentimeta 6. Nikatoa, nikapata sentimeta 75 na milimita 4. Baba mdogo hakusema neno. Akachukua uzi, akauzungusha polepole kwenye ukingo wa karato, akaukata, akaunyosha juu ya rigla yangu: 75 na nusu. Akacheka sana. "Kumbe ni njia moja tu! Weye unapita juu, miye ninapita chini." Tangu siku ile, sakoshi ikiwa na umbo jipya, mimi ninapiga hesabu na yeye anapima na uzi, na tukipishana tunaanza upya wote wawili.

Vyombo si vingi. Kisu kifupi cha kordonye na jiwe la kunolea. Rigla ya chuma. Uma wa kulia chakula, ambao meno yake yamesagwa yakawa na nafasi sawa, kwa kutia alama za matundu. Chuma cha kutobolea, chenye ncha na mpini wa mti. Nyundo. Kole ya viatu, ambayo inapakwa dirisha likiwa wazi kwa sababu harufu yake inaumiza kichwa. Nta ya nyuki. Uzi mnene wa nailoni. Mbao mbili nyembamba zilizofungwa chini, ambazo unazishika katikati ya magoti kusudi zibane ngozi na kuacha mikono yote miwili huru. Na sindano mbili zenye ncha butu. Sindano kali haifai, maana kazi yake si kutoboa. Tundu limekwisha kutobolewa. Kazi yake ni kupita bila kuumiza uzi wa mwenzake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo roho ya kazi ilipo. Unachukua uzi mmoja wenye urefu mara nne ya mshono. Kwa ubavu wetu wa sentimeta 75 ni karibu mita 3, na nyongeza kidogo kwa kufunga. Unaupaka nta mpaka ulie ukiuvuta. Unatia sindano moja kila mwisho. Unapitisha sindano ya kwanza katika tundu la kwanza, na kuvuta mpaka pande zote mbili ziwe sawa. Halafu, katika kila tundu linalofuata, sindano ya kushoto inapita kwenda kulia, na sindano ya kuume inapita katika tundu lilelile kwenda kushoto. Zinapishana ndani ya ngozi. Lazima ya pili ipite kando ya uzi wa kwanza, isiuchome katikati. Kisha unavuta mikono yote miwili pamoja, kwa nguvu ileile. Ukivuta mmoja zaidi, mshono unapinda. Mwishoni unarudi nyuma matundu mawili, unakata, na kuyeyusha ncha ya nailoni kwa kiberiti.

Matundu yetu yana nafasi ya milimita 5. Hivyo upande mmoja una matundu kama 150, na pande mbili 300, bila kuhesabu mkanda. Kila tundu linapitiwa mara mbili. Hii ndiyo sababu sakoshi moja inanichukua saa kumi na nne ao zaidi.

Mtu atasema: basi si mashine ingefanya kwa dakika kumi? Ndiyo, ingefanya. Lakini tazama namna mashine inavyoshona. Uzi wa juu unabaki juu, uzi wa chini unabaki chini, na vinashikana kidogo tu katikati ya kila tundu. Uzi wa juu ukikatika pahali pamoja, hauna tena wa kuushika, na siku kwa siku mshono unafumuka mpaka mwisho. Kwa sindano mbili si vile. Kila uzi umepita pande zote mbili, zamu kwa zamu. Mmoja ukikatika, mwingine bado umejaza matundu yote na unaendelea kushika. Mwenye sakoshi anapata wakati wa kuileta kwa fundi kabla haijaachana.

Baada ya kushona tunamalizia kingo. Tunazipara kwa kisu, tunazisugua kwa msasa, tunazilowesha kidogo, na kuzisugua kwa kitambaa na nta mpaka ziwe laini kama mbegu ya parachichi. Kama mteja anataka rangi nyeusi na ngozi ni ya ganda, hatununui rangi. Tunaweka misumari yenye kutu katika vinegre kwa siku nyingi, tunachuja, na kupaka maji yale juu ya ngozi. Hapohapo inageuka kutoka rangi ya udongo mpaka nyeusi. Chuma kimekutana na tanini. Mwalimu wa kemia alipoona alifurahi, akatueleza kwamba kwa njia hiyohiyo Wazungu wa zamani walitengeneza wino wa kuandikia vitabu, kwa chuma na tanini. Basi sakoshi nyeusi na kitabu cha kale ni ndugu.

Sasa nifike kwa jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Sakoshi moja tunaiuza dolari 20, na ile yenye ngozi bora 25. Ukitoa ngozi, bakle, kole na uzi, zinabaki dolari 11 ao 12 kwa kazi yetu wawili. Katika vakansi ya mwaka wa tatu tulishona sakoshi tisa, na feza ile ililipa trimesta yangu ya kwanza yote na daftari za wadogo zangu. Mama hakuomba deni kwa mtu. Mara ya kwanza tangu kifo cha baba, siku ambayo wanafunzi wasiolipa wanaitwa mbele, mimi nilibaki kwenye kiti changu.

Lakini feza ina mdomo, inajua kusemesha. Majirani walianza kumwambia mama: "Mutoto huyu amekwisha kujua kazi. Masomo itamupatia nini? Benye diploma iko wangapi hapa mujini, banakaa bure?" Na mimi mwenyewe nilihesabu usiku: kama nashona siku sita mahali pa moja, ni sakoshi ngapi kwa mwezi? Wadogo zangu wangesoma wote. Hesabu ilikuwa nzuri. Nikampelekea baba mdogo, nikifikiri atafurahi kupata mkono wa pili kila siku.

Hakufurahi. Alisimama, akaingia nyumbani, akaleta karatasi iliyokunjwa, akanipa. "Soma."

Ilikuwa karatasi ya mwaka 2021. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwagiza sakoshi kumi. Alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, akamwambia ni ya oda, tia kidole hapa. Baba mdogo aliacha shule katika mwaka wa pili wa shule ya msingi. Anahesabu vizuri kichwani, lakini kusoma hawezi. Akatia kidole. Sisi tulikuwa tunajua tu kwamba ile biashara ilimwendea vibaya, lakini hakuwa ametueleza. Nikasoma kwa sauti, nikamfasiria. Karatasi ilisema kwamba sakoshi zinawekwa kwa kuuzishwa tu, kwamba malipo ni baada ya kuuzwa, na zisizouzwa zitarudi kwa fundi pasipo malipo yoyote, kwa hali zitakayokuwa nayo. Baada ya miezi mitatu mtu yule alirudisha sakoshi sita zilizochomwa na jua dirishani, na akalipa nne tu. Baba mdogo alikwenda mpaka kwa shefu wa kartiye. Shefu akasoma, akasema: "Mzee, karatasi ndivyo inavyosema."

Nilipomaliza kusoma alikaa kimya. Kisha akasema maneno ambayo ninayaandika kama alivyoyasema: "Mikono yangu haikushindwa, mwana yangu. Karatasi njo ilinishinda. Ukiacha masomo juu ya sakoshi, tutakuwa watu wawili benye kutia kidole. Miye sitaki mukono wa pili. Ninataka macho."

Mama alikuwa anasikiliza mlangoni. Akasema tu: "Umesikia."

Basi tulipatana hivi: siku ya posho na vakansi ni za sakoshi, siku nyingine ni za masomo, siku ya yenga ni ya Bwana. Na mimi nikatia sharti langu. Kila siku ya posho, tukimaliza kazi, tunasafisha meza na kusoma ukurasa mmoja pamoja. Tulianza na herufi za jina lake. Aliandika kwa kushika kalamu kama anavyoshika chuma cha kutobolea, akatoboa karatasi mara mbili. Leo anasoma polepole Injili ya Marko, na kitabu chetu cha oda anakiandika yeye mwenyewe: jina la mteja, rangi, bei, siku ya kuja kuchukua. Oda ya mwisho ilikuja na karatasi. Aliivuta karibu na taa, akapita kila mstari na kidole, akamwambia mteja: "Hapa pameandikwa nusu mbele. Leta nusu." Mteja akaleta.

Wandugu, ndiyo maana nimetumia kurasa hizi kueleza mshono. Kati yetu kuna wanaofikiri kwamba kazi ya mikono ni ya wale waliokosa shule. Na mitaani kuna wanaofikiri kwamba shule ni ya wale wasiojua kazi. Wote wanashona kwa mashine: uzi huu juu, uzi ule chini. Siku mmoja unapokatika, kila kitu kinafumuka. Ningekuwa na kitabu bila sindano, trimesta ile ningekaa nyumbani. Ningekuwa na sindano bila kitabu, ningetia kidole kwenye karatasi kama baba mdogo. Feza ya sakoshi iliponishika, niliweza kumshika yeye kwa herufi. Nyuzi zilipita katika tundu moja.

Tukitafuta katika Maandiko hatukuti aibu ya kazi hii. Katika kitabu cha Kutoka mlango wa 31, Mungu anamjaza Besaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono, na kifuniko cha hema ya kukutania kilikuwa cha ngozi za kondoo dume zilizotiwa rangi nyekundu. Mtume Petro alikaa siku nyingi Yopa nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi. Kati ya Wayahudi kazi ile ilidharauliwa, kwa sababu ya kugusa mizoga, na hata hivyo ni katika nyumba ile Petro alipata maono juu ya watu wa mataifa. Na Paulo, mwanafunzi wa Gamalieli, mtu wa vitabu kuliko sisi wote, alishona hema pamoja na Akila na Prisila pale Korinto. Wataalamu wengine wanasema hema zile zilikuwa za ngozi, wengine wanasema za kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Lakini kwamba aliandika barua na alikuwa na ufundi wa kushona, hilo liko wazi. Mtu mmoja, sindano mbili.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, shauri langu ni kutoanza na sakoshi. Anzeni na mfuko wa kalamu: kipande kimoja cha ngozi ya kaguwa, sentimeta 20 kwa 18, kilichokunjwa, na mishono miwili mifupi. Kisha kifuniko cha Biblia. Mkifika kwenye sakoshi, vidole vitakuwa vimekwisha kujua. Hata wasichana wasiogope kisu, hata wavulana wasiogope sindano. Na yule mwenye mzazi ao ndugu fundi nyumbani, awe wa ngozi, wa mbao ao wa chuma, amwombe amfundishe. Na kama fundi huyo hajui kusoma, amlipe kwa herufi.

Nimalize hapa, kusudi niache nafasi kwa wengine. Mwenye swali anione kwenye mapumziko, chini ya mti wa kalitusi karibu na kapela. Bwana abariki masomo yetu na kazi ya mikono yetu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagogia